Askofu Atoke Kwanza: Hotuba kwa Wachezaji wa Sataranji wa Lubumbashi

(Maneno haya niliyasema Jumamosi alasiri katika ukumbi wa parokia huko Katuba, mbele ya wachezaji, wazazi na walimu. Wengi ambao hawakufika waliomba yaandikwe yote. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni. Pale nilipokuwa naonyesha kwa kidole kwenye ubao mkubwa wa ukutani, nimetaja miraba kwa majina yake, ili anayesoma afuate kwa ubao wake mwenyewe: herufi a hadi h ni mistari ya kwenda mbele, kuanzia kushoto kwa weupe, na namba 1 hadi 8 ni safu, kuanzia upande wa weupe.)

Wazee wangu, ba mama na ba papa mliowasindikiza watoto, walimu, na ninyi vijana wa mitaa yetu ya Kenya, Katuba, Kamalondo, Ruashi na Kampemba: jambo kwenu wote, na aksanti kwa kuja. Nimepewa saa moja. Baada ya hapo kwaya inahitaji ukumbi, na kwaya haingoji mtu. Basi tuingie kazini.

Nianze na swali. Ukipewa weupe, unacheza nini? Usinijibu kwa sauti, jibu moyoni. Swali la pili ni gumu kuliko la kwanza: hicho unachokicheza, unakijua, au ulikiona tu kwenye simu ya rafiki yako?

Nauliza kwa sababu nimekaa pembeni mwa meza zenu miaka mingi, nikiangalia saa na kuandika matokeo, na naona jambo lile lile likijirudia. Kijana anakaa, anasukuma pioni ya mbele ya mfalme, e4, anapiga saa kwa kishindo. Hatua ya pili kwa kasi. Hatua ya tatu kwa kasi. Mpinzani bado hajapata kalamu ya kuandikia, yeye ameshafika ya nne. Kisha inafika hatua ya sita, na mkono unasimama hewani. Mkono umesimama kwa sababu hatua ya sita haikuwa kwenye video.

Konje kubwa iliyopita, ile likizo ndefu, kulikuwa na mashindano ya vijana hapa mjini. Mmoja wenu, simtaji, na ninyi mnaocheka mnamtaja kwa kicheko chenu, alikuwa amekariri mtego wa kutoa pioni mbili mwanzoni ili maaskofu wake wawili wafunguke na kumlenga mfalme mweusi. Alikuwa ameununulia mega za intaneti. Aliutazama usiku na usiku. Aliujua hadi mwisho, pale malkia anapoingia na mfalme mweusi hana pa kwenda. Mpinzani wake alikuwa binti mdogo kutoka Ruashi, miguu yake haifiki chini akikaa kwenye kiti. Yule binti alitazama pioni aliyopewa, hakuila. Alisukuma pioni yake ya d hadi d6, akakunja mikono. Basi. Mtego ulihitaji mpinzani mwenye njaa, na binti hakuwa na njaa. Kijana wetu alitazama ubao kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili, akaanza kusogeza farasi huku na huku, akapoteza mmoja, akapoteza ngome, akanyoosha mkono wa kukubali.

Je, alikuwa mvivu? Hapana. Je, hana akili? Ana akili nyingi. Kasoro ilikuwa katika kile alichojifunza. Alijifunza hatua za mpinzani wake! Na hatua za mpinzani huna mamlaka nazo. Unazo zako tu.

Ndiyo maana leo sikuja kuwafundisha mtego. Nimekuja kuwaomba mchague ufunguzi mmoja wa weupe, imara, wa taratibu, ambao vipande vyako unajua vinakaa wapi hata mpinzani akifanya la ajabu. Umeme ukikatika usiku, na hapa kwetu hilo halihitaji maelezo, ni nani anayegonga kidole cha mguu kwenye meza? Ni mgeni. Mwenye nyumba ananyanyuka, anahesabu hatua tatu, anashika mshumaa. Haoni zaidi ya mgeni. Anajua tu kitu kipi kiko wapi. Hilo ndilo ninalolitaka kwenu: mpinzani akizima taa, ninyi mwende moja kwa moja kwenye mshumaa.

Ufunguzi wenyewe unaitwa mfumo wa London. Shikeni ubao.

Hatua ya kwanza ni d4, pioni ya mbele ya malkia, miraba miwili. Kwa nini d4 na si e4? Angalieni nyuma ya pioni. Pioni ya d4 inazaliwa ikiwa na mlinzi: malkia yuko mgongoni kwake. Pioni ya e4 inafika katikati peke yake, na kuanzia hatua ya pili unaanza kuitafutia mlinzi. Kwa mtu anayetaka kujenga kabla ya kupigana, tofauti hiyo ni kubwa.

Hatua ya pili: askofu wa c1 anatoka hadi f4. Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mfumo mzima ulipo.

Baada ya askofu kutoka, tutaweka pioni kwenye e3 na kwenye c3. Pamoja na ile ya d4 zinafanya pembetatu: c3, d4, e3. Tazameni rangi ya miraba hiyo mitatu. Yote ni myeusi! Sasa askofu wa c1 anatembea kwenye rangi gani? Nyeusi. Ukisukuma e3 kabla hajatoka, umemfungia ndani kwa pioni zako mwenyewe, na atabaki pale nyuma akiangalia migongo ya wenzake mchezo mzima. Kwa hiyo yeye kwanza, pioni baadaye. Rudieni pamoja nami: askofu atoke kwanza! Tena: askofu atoke kwanza! Nikimkuta mtu Jumamosi ijayo amesukuma e3 askofu akiwa c1, nitanyamaza, lakini nitamwangalia.

Na askofu wa pili, wa f1, yeye anatembea miraba myeupe. Pioni zetu zote tatu ziko kwenye nyeusi, kwa hiyo njia yake iko wazi. Tunamweka d3, na kutoka d3 anatazama moja kwa moja hadi h7, mraba ulio karibu na mfalme mweusi akishafanya roki, yaani akishajificha pembeni nyuma ya ngome yake. Farasi wa kwanza f3. Farasi wa pili d2, si c3, kwa sababu c3 ni mahali pa pioni. Kisha roki upande wa mfalme, lakini si kwa haraka, nitarudi hapo.

Sasa hesabuni. Ni nani wanaotazama mraba wa e5? Pioni ya d4. Askofu wa f4. Farasi wa f3. Watatu. Bila kumtishia mtu, bila kula chochote, umeshaimiliki e5, mraba ulio ndani ya nusu ya mpinzani. Farasi wako ataruka pale, na akishakaa, mwenzake wa d2 anahamia f3 kushika nafasi iliyoachwa. Mpinzani akimfukuza kwa kubadilishana, unarudishia kwa pioni ya d4, na pioni hiyo ikifika e5 inamfukuza farasi mweusi wa f6, yule anayemlinda mfalme. Sataranji ya nafasi ndiyo hiyo: kila kipande kinasogea mahali ambapo kazi yake inaongezeka, na mpinzani anaona pumzi yake inapungua bila kujua ni hatua gani iliyompunguzia.

Jina linatoka wapi? Mwaka 1922 yalifanyika mashindano makubwa mjini London, wachezaji 16. Aliyeshinda ni José Raúl Capablanca wa Cuba, bingwa wa dunia wakati ule, pointi 13 katika michezo 15. Wa pili alikuwa Alexander Alekhine. Katika mashindano hayo askofu huyu wa f4 alionekana mara kwa mara, na jina likabaki. Alekhine aliutumia dhidi ya kijana Mholanzi wa miaka 21, Max Euwe, akamshinda. Euwe hakusahau: mwaka 1935 alimnyang'anya Alekhine taji la dunia. Hilo ni pembeni tu. Na mfumo wenyewe ni mkongwe kuliko jina lake. James Mason, mzaliwa wa Ireland, alikuwa akimtoa askofu huyo f4 tangu miaka ya 1880.

Kuna ufunguzi ulio ndugu yake wa karibu ambao lazima niutaje, kwa sababu ulitengenezwa Ubelgiji, na sisi na Wabelgiji tuna hesabu zetu nyingi ambazo leo si siku yake. Edgard Colle alizaliwa Ghent mwaka 1897. Alikuwa mgonjwa wa vidonda vya tumbo, alifanyiwa upasuaji mara kadhaa, na alifariki mwaka 1932 akiwa na miaka 34. Mtu huyo dhaifu wa mwili alicheza pembetatu ile ile: d4, e3, c3, askofu d3, farasi f3 na d2. Tofauti ni moja. Colle hakumtoa askofu wa c1. Alimfungia kwa makusudi, akingoja siku ya kusukuma pioni ya e kutoka e3 hadi e4 na kufungua kila kitu kwa mpigo.

Nice, Ufaransa, mwaka 1930, alikutana na mchezaji wa Ireland aliyeitwa O'Hanlon. Hatua ya 9, Colle akasukuma e4. Pioni zikabadilishana, farasi wakabadilishana, na askofu wake wa d3 akajikuta amesimama e4. Hatua ya 12, askofu huyo akaenda h7, akala pioni mbele ya mfalme mweusi na kusema: nile! Mfalme akala. Farasi akaruka g5, mfalme akakimbilia g6, pioni ya h ikaanza kumfuata, ngome ikaingia e6 kwa nguvu. Hakuna aliyemwokoa. Mchezo huo unaonyeshwa hadi leo. Lakini ninyi tazameni hatua 11 za mwanzo. Hakuna hata moja ya kutisha! Hizo zote zilikuwa za kupanga. Radi ya hatua ya 12 iliandaliwa na kimya cha hatua 11.

Mnaniuliza: mbona basi usitufundishe wa Colle? Kwa sababu Colle anahitaji e4 ifanikiwe. Ikikwama, askofu wa c1 anabaki kifungoni. London inampa uhuru siku ya kwanza, na e4 inabaki kama zawadi ya baadaye. Mimi nawafundisha watu wenye muda mchache wa kujifunza. Nachagua ule unaosamehe zaidi.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi wanaoucheza mfumo huu hawalitaki. Wanadhani mfumo maana yake ni kuweka vipande vilevile mahali palepale, macho yamefungwa, kama vile mpinzani hayupo. Mpinzani yupo! Ameketi mbele yako, naye ana hatua sawa na zako. Kujua mahali pa vipande vyako si ruhusa ya kuacha kuangalia vyake.

Akija na askofu wake d6, amkabili wako wa f4. Wanaoogopa wanakula haraka. Mimi nawaambia rudini g3, mtulie. Akila yeye, utarudishia kwa pioni ya h, na mstari wa h utafunguka. Ngome yako iko wapi? Iko h1, kama hujafanya roki! Ndiyo maana nilisema roki si kwa haraka. Ngome ya h1, askofu wa d3, wote wawili wanatazama h7. Mpinzani amekufungulia barabara mwenyewe.

Akirusha farasi wake h5 kumwinda askofu wako, utafanya nini? Ukiwa umesukuma pioni ya h3 mapema, askofu anapata kimbilio h2, na farasi mweusi amebaki pembeni ya ubao bila kazi. Lakini msisukume h3 kila mchezo bila sababu, mnapoteza hatua. Sukumeni mnapoona farasi wa f6 anaanza kuwa na macho ya h5.

Akisukuma g6 na kumweka askofu wake g7, tazama askofu wako wa d3: anagonga ukuta. Basi asiende d3, mweke e2, atulie, na uwe na h3 tayari. Hapo mchezo unakuwa mrefu. Usitafute mfalme, tafuta upande wa malkia, sogeza pioni ya a hadi a4 ili mpinzani asipate nafasi ya kupumua kule.

Akimtoa askofu wake wa c8 mapema hadi f5 kukuiga, jiulize: ameacha nini nyuma? Ameacha b7! Askofu wa c8 ndiye aliyekuwa mlinzi wa b7. Hapo sahau c3, sukuma c4 mara moja, na malkia aende b3. Ndiyo, najua nilisema pembetatu. Pembetatu ni kwa siku za kawaida. Mtu akiacha mlango wazi huulizi ratiba.

Na sasa lile ambalo limewaliza wengi hapa, nawaona. Malkia mweusi akija b6. Weupe wamecheza d4, askofu f4, e3, c3. Weusi wamecheza d5, c5, farasi c6, malkia b6. Malkia anatazama b2, na askofu ambaye angeilinda amekwenda f4. Hii ndiyo gharama ya kumtoa. Hakuna ufunguzi usio na gharama. Anayewauzia ufunguzi usio na gharama anawauzia hewa. Jibu ni malkia wako b3. Mpeane nafasi ya kubadilishana. Akila malkia b3, unarudishia kwa pioni ya a na mstari wa ngome yako ya a1 unafunguka. Wewe usianze kula b6, maana zawadi hiyo hiyo utampa yeye.

Basi yeye hatabadilishana. Atasukuma pioni c4, amfukuze malkia wako. Unarudi c2. Na hapo, angalieni vizuri, hapo anaweka askofu f5, mbele ya malkia wako, bila mlinzi. Bure! Nani atakula?

(Hapa mikono iliinuka mingi. Niliacha iinuke.)

Asanteni. Wote mliopandisha mkono mmepoteza ngome. Ukila f5, malkia mweusi anaingia b2, na ngome yako ya a1 haina pa kukimbilia, farasi wako wa b1 ameziba njia. Malkia arudi c1. Ni hatua ya unyonge, naona sura zenu, lakini b2 inalindwa, hakuna kilichopotea, na pioni nyeusi iliyokwenda c4 imeacha kuisumbua d4 yako. Kuanzia hapo ni wewe unayeamua utaipiga ile pioni ya c4 kwa b3 au utafungua katikati kwa e4.

Nimetumia dakika nyingi hapo kwa sababu hapo ndipo watu wanapoachana na London wakisema haifai. Inafaa. Hawakujua mraba mmoja tu, c1.

Kuna mzee wa mstari wa mbele, namheshimu sana, amenikunjia uso tangu mwanzo. Najua anachotaka kusema: huu ni mchezo wa wazee, hauna ladha, mabingwa hawauchezi. Mzee wangu, naomba nikupeleke Astana, Kazakhstan, Aprili 2023. Ding Liren wa China na Ian Nepomniachtchi wa Urusi wanagombea taji la dunia. Baada ya michezo 5, Nepomniachtchi anaongoza 3 kwa 2. Ding amepoteza mchezo uliopita. Mchezo wa 6 ana weupe, dunia nzima inatazama. Anacheza nini? d4, farasi f3, askofu f4. London!

Na tazameni alivyocheza. Mpinzani alipokuja na askofu d6, Ding alibadilishana, hakurudi g3. Bingwa anachagua kulingana na ubao, si kulingana na mimi. Farasi akaenda e5, mraba wetu. Pioni ya a ikatembea hadi a5. Ngome ikapanda a3, kituko kwa macho ya mgeni, ili iweze kupita mstari wa tatu kwenda popote inapohitajika. Mwishoni, hatua ya 41, huku pioni nyeusi ya a imebakiza miraba miwili tu kugeuka malkia, Ding alisukuma pioni moja kutoka d4 hadi d5. Haikula kitu. Haikumtishia mfalme. Ilisogea tu mraba mmoja, na mtego kumzunguka mfalme mweusi ukaanza kukaza. Hatua ya 44 Nepomniachtchi akakubali. Mechi ikawa 3 kwa 3, ikaisha 7 kwa 7, na katika michezo ya kasi Ding akawa mwanaume wa kwanza wa China kuwa bingwa wa dunia.

Kwa hiyo ladha ipo, mzee wangu. Inachelewa kuja.

Lakini nisiwadanganye. London haikupi faida kubwa mpinzani akiwa anajua kujitetea. Simu itawaambia weupe wanaongoza kwa sehemu mbili za kumi za pioni, au hakuna anayeongoza. Mimi sehemu mbili za kumi sijaziona zikishinda mchezo Katuba. Hapa kwetu michezo inaamuliwa na aliyechoka, aliyeishiwa muda, aliyeacha farasi bila mlinzi. Kuna pia watu ambao nisingewapa ufunguzi huu: watoto wanaoanza. Mama, kama mwanao hajui bado kumfunga mfalme kwa ngome moja, mwache acheze e4, michezo ya wazi, apigwe na apige, ajue vipande vinavyoumana. London ni kwa aliyekwisha kupigwa vya kutosha na sasa anataka mpangilio. Na aliyeshaizoea aende kwenye c4 hatua ya pili, ufunguzi uitwao Gambiti ya Malkia. Mwaka 1927 kule Buenos Aires, Capablanca na Alekhine waligombea taji kwa michezo 34, na 32 kati yake ilikuwa ya Gambiti ya Malkia. Kuna shule ndefu huko. Lakini hiyo ni ya kesho.

Mtajifunzaje bila mega? Swali zuri, limetoka kwa dada pale nyuma. Kaye moja, yaani daftari, na biki moja. Kila mchezo unaoucheza, andika hatua zote. Nyumbani, tafuta hatua ya kwanza ambapo ulisimama ukajiuliza niko wapi. Hiyo tu. Usichambue mchezo mzima, utalala. Chora mstari hapo, kisha mwite rafiki, wekeni ubao kwenye hali ile ile, mcheze kuanzia pale, halafu mbadilishane rangi. Kubadilishana rangi ndiyo dawa kubwa. Ukikaa upande wa weusi ukajaribu kumwinda askofu wa f4 mwenyewe, utajua anaogopa nini.

Ubao hamna? Nimeona Kenya vijana wanacheza kwenye katoni iliyochorwa mistari, vipande ni vizibo vya chupa vilivyoandikwa herufi za Kifaransa kwa biki: R, D, T, F, C, yaani mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi. Weupe ni vizibo vya aina moja, weusi vya aina nyingine. Mvua ilianza, wakainua katoni nzima wanne, kila mtu kona yake, wakaingia nayo chini ya baraza bila kizibo kimoja kusogea. Hao sina wasiwasi nao.

Na msiniambie haya ni ya watu wa mbali. Hapo ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, kwenye ukanda wa shaba kama wetu, kuna mji wa Ndola, Zambia. Amon Simutowe alizaliwa huko mwaka 1982. Mwaka 2000, kwenye mashindano ya dunia ya vijana mjini Yerevan, alimaliza wa pili, nyuma ya Lázaro Bruzón wa Cuba. Mwaka 2009 akathibitishwa kuwa mchezaji wa kwanza mwenye cheo cha juu kabisa kutoka Afrika kusini mwa Sahara. Kutoka hapa hadi Ndola ni safari ya siku moja, na sehemu kubwa ya siku hiyo utaitumia kwenye foleni ya mpakani.

Sasa kazi. Jumamosi ijayo tutakaa wawili wawili. Sitaki mchezo mzima. Kila ubao uanze na hali tuliyoiona: weupe wana pioni d4, e3, c3, askofu f4, malkia amerudi c1, weusi wana d5, c4, farasi c6, malkia b6, askofu f5. Zamu ni ya weusi. Vipande vingine vyote viko nyumbani. Wenye uzoefu wachukue weusi kwanza, wajaribu kuwasumbua wadogo. Baada ya nusu saa, badilisheni rangi. Ninachotaka kwenye kaye ni kitu kimoja: ulipokuwa weupe, ulichagua b3 au e4, na ni hatua gani ya mpinzani iliyokufanya uchague hivyo. Sitapokea jibu lililotoka kwenye simu. Nitawauliza mbele ya ubao. Saa za mchezo tunazo nne tu, kwa hiyo mwenye yake aje nayo, na aje mapema.